Marumaru ya bafuni imeharibika: usafishe, usage, utibu vipande au ubomoe?

Mwenye nyumba akiona marumaru ya bafuni imefubaa, imeota mabaka au inamomonyoka pembeni, ushauri humfikia kabla ya fundi. Jirani anamwambia asugue kwa dawa ya chooni. Shemeji anasema isagwe, itarudi kama ilivyotoka dukani. Fundi akifika anasema bomoa yote uweke vigae vya kisasa. Shemeji na fundi, kila mmoja anaweza kuwa sahihi, kutegemea jiwe limeumia wapi. Jirani hana haki hata kidogo, na sababu itaonekana punde.

Hapa nalinganisha njia nne za kulirudisha katika hali nzuri bafu la mawe ya asili lenye bomba la mvua: kulisafisha na kulitia dawa ya kuziba, kulisaga na kuling'arisha, kulitibu vipande vipande, na kulibomoa lijengwe upya. Mifano mingi ni ya marumaru na travatino (jiwe la chokaa lenye vitundu), kwa sababu hayo ndiyo mawe yanayoumia upesi zaidi bafuni. Graniti nitaigusa tu, ni ngumu na malalamiko yake ni machache. Sleti (jiwe la tabaka jembamba) na mawe ya Mazeras (mawe ya mchanga ya Pwani ya Kenya) nitayataja pale yanapotofautiana na mengine.

Kwanza hakikisha ni jiwe kweli. Siku hizi kuna vigae vya poseleni vilivyochapishwa mishipa ya marumaru ya Carrara, Italia, vizuri kiasi cha kumdanganya hata muuzaji. Tafuta ukingo uliovunjika: jiwe lina rangi yake hadi ndani, poseleni picha yake iko juu tu. Au tazama ukuta mzima. Ukikuta vigae viwili vyenye mishipa ileile, mkunjo kwa mkunjo, hilo si jiwe, na mengi ya hapa chini hayakuhusu.

Jiwe limeumia wapi: usoni, mwilini au mgongoni?

Swali hili lina uzito kuliko bei, kuliko hata uhodari wa fundi.

Marumaru, travatino na mawe ya chokaa ni kalisi kaboneti, jamii moja na matumbawe na chokaa iliyojenga kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar. Asidi huyayeyusha. Ndimu inatosha, siki inatosha, na dawa nyingi za chooni zina asidi ya hidrokloriki, kali kuliko zote hizo. Sasa tazama ule ukoko mweupe unaoachwa na maji magumu ya kisima, ambayo wengi wa Dar es Salaam na Mombasa wanaoga nayo. Sehemu kubwa ya ukoko huo nayo ni kalisi kaboneti. Kwa hiyo dawa inayoyeyusha ukoko itayeyusha na marumaru iliyo chini yake. Hilo ndilo kosa la jirani: akisugua leo ukuta utaonekana mweupe, na ukikauka kesho utakuwa umefubaa kuliko jana.

Uharibifu wa *usoni* ndio huo: kufubaa, mabaka ya asidi, mikwaruzo midogo, ukoko wa chumvi, utando wa sabuni, ukungu kwenye mistari ya grauti (kijazo cha katikati ya vigae).

Wa *mwilini* umeingia ndani ya kigae. Travatino imefunguka matundu, kona imemeguka, ufa umepita katikati, au marumaru nyeupe imegeuka manjano na kahawia. Hili la mwisho huwasumbua wengi bila kujua chanzo. Baadhi ya marumaru nyeupe ina chembechembe za madini ya chuma, na jiwe likilowa muda mrefu chembe hizo hupata kutu. Doa linatoka ndani, kwa hiyo kulisugua kwa nje ni kujichosha.

Wa *mgongoni* ni maji yaliyopita nyuma ya vigae. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa kuwa uso unaweza kuonekana una tatizo dogo tu. Dalili zake: vigae vya chini vinabaki vyeusi hata bafu lisipotumika siku kadhaa, unga mweupe wa chumvi unachipuka kwenye mistari, uso wa jiwe unakuwa laini na kubabuka, rangi ya ukuta wa chumba cha pili inavimba.

Vipimo unaweza kufanya mwenyewe kwa dakika chache. Gonga kila kigae kwa sarafu: kilichoshika vizuri hutoa sauti nzito, kilichoachia hulia kama debe tupu. Dondosha maji kwenye jiwe kavu, ngoja dakika 10 hadi 15: pakigeuka peusi, jiwe linakunywa maji na dawa ya kuziba imekwisha au haikuwekwa. Kama hujui ni marumaru au graniti, kwaruza kwa ncha ya kisu mahali pasipoonekana. Marumaru ina ugumu wa karibu 3 kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kutoka 1 hadi 10, na kisu kitaacha alama, graniti iko kwenye 6 hadi 7 na itakishinda kisu.

Vigezo vya kulinganisha

Kila njia nitaipima kwa mambo sita: inatibu uharibifu gani, gharama yake inatokana na nini, bafu litafungwa kwa muda gani, matokeo yanadumu vipi, ina hatari gani, na inamfaa nani. Bei za shilingi sitaziandika, zinatofautiana mno kati ya mji na mji. Nitaeleza kinachozipandisha, ili fundi akikutajia namba ujue imetoka wapi.

Njia ya 1: Kusafisha kwa kina na kutia dawa ya kuziba

*Inatibu nini.* Uchafu wa usoni peke yake: utando wa sabuni, ukungu, ukoko mwembamba, madoa ya mafuta ya nywele. Haiondoi baka la asidi, kwa sababu baka hilo si uchafu, ni uso wa jiwe ulioliwa.

Kazi yenyewe ni ya utaratibu kuliko nguvu. Tumia sabuni isiyo na asidi, iliyoandikwa kwamba ni ya mawe ya asili, na brashi laini. Ukoko uliosalia kwenye marumaru inayong'aa hukwanguliwa kwa wembe mpya uliolazwa karibu bapa, jiwe likiwa na maji ya sabuni. Doa la mafuta au la mimea huvutwa kwa kinyunga: unga mweupe unaonyonya, kama kaolini, unakorogwa na haidrojeni peroksaidi (kwa doa la mafuta, asetoni) hadi uwe mzito, unapakwa, unafunikwa kwa plastiki siku moja au mbili, kisha unabanduliwa ukiwa mkavu. Mara nyingine inabidi kurudia.

Bafu likishakauka kabisa ndipo inapowekwa dawa ya kuziba. Nunua ile inayozama ndani ya vitundu vya jiwe, si ile inayoacha ngozi juu. Pakaa, ngoja dakika zilizoandikwa kwenye chupa, halafu futa yote iliyobaki juu, maana ikikaukia usoni huacha ukungu wa kunata ambao kuutoa ni adhabu.

*Gharama.* Ndogo kuliko zote. Kinachokula pesa ni chupa ya dawa ya kuziba, na jiwe lenye vitundu vingi hunywa zaidi.

*Muda.* Kusafisha ni nusu siku. Kukausha ndiko kunakochukua muda, hasa Pwani miezi ya mvua za masika: usikimbilie kuziba jiwe ambalo bado lina maji ndani.

*Uimara.* Dawa ya kuziba bafuni hudumu mwaka mmoja hadi mitatu, kutegemea jiwe, maji na sabuni. Usihesabu miaka, rudia kipimo cha tone la maji. Na hapa wauzaji huwachanganya watu: dawa hii hupunguza kunyonya madoa, haizuii asidi. Marumaru iliyozibwa vizuri sana bado itaharibiwa na tone la ndimu.

*Hatari.* Moja ni ya jiwe, kutumia dawa isiyofaa. Nyingine ni ya mtu. Usichanganye kamwe jiki na dawa ya chooni au chochote chenye asidi, hutoa gesi ya klorini, na bafu ni chumba kidogo kisicho na hewa ya kutosha. Jiki na amonia navyo hutoa gesi ya sumu. Halafu kuna kosa la kuziba ukuta ambao una maji mgongoni: unayafungia njia ya kutokea, chumvi inajikusanya chini ya uso na kuubabua.

*Inamfaa nani.* Mpangaji, mwenye bafu ambalo halijafika mbali, na mtu yeyote ambaye hajaamua. Hata kama utasaga baadaye, utaanzia hapa.

Njia ya 2: Kusaga na kung'arisha upya

*Inatibu nini.* Kufubaa, mabaka ya asidi, mikwaruzo, ukoko uliong'ang'ania, na kingo za vigae zilizopishana kidogo. Ikiwa jiwe limeshika vizuri na mgongo ni mkavu, hakuna njia nyingine inayolirudishia sura jiwe lilelile ulilolinunua.

Kinachofanyika ni kuondoa tabaka jembamba sana la juu kwa diski za almasi na maji, kuanzia namba ya chini yenye kukwaruza hadi ya juu yenye kulainisha: 120, 220, 400, 800, 1500, 3000. Baka jepesi linaweza kuanzia 400. Mkwaruzo mzito utahitaji kushuka zaidi. Namba hazirukwi. Fundi akitoka 120 akaenda 800 ili amalize mapema, mikwaruzo ya 120 itabaki chini ya mng'ao na utaiona asubuhi jua likiingia dirishani. Marumaru humaliziwa kwa unga wa kung'arishia, ndio unaotoa ule mwako wa mwisho.

Si lazima kufika mwisho. Sakafu ya bafu ni bora iishie karibu na namba 400, ibaki laini bila kung'aa, kwa sababu jiwe lililong'arishwa likipata maji na sabuni linateleza vibaya. Hata kutani nashawishika na uso usiong'aa pale ambapo nyumba ina watoto au wageni wengi: baka la asidi kwenye uso wa namna hiyo halionekani kirahisi. Wapenda mng'ao hawatakubaliana nami, na ukuta ni wao.

*Gharama.* Ni ya ufundi na muda. Sakafu husagwa mashine ikiwa imesimama juu yake. Ukuta unasagwa mashine ikiwa mikononi mwa mtu siku nzima, na kona zote kwa mkono, ndiyo maana mita moja ya ukuta hugharimu zaidi ya mita moja ya sakafu. Graniti hula diski nyingi kuliko marumaru na wanaoimudu ni wachache.

*Muda.* Bafu la kawaida la nyumbani ni siku mbili hadi nne, kisha kukausha na kuziba.

*Uimara.* Mng'ao utadumu kadiri utakavyoliepusha jiwe na asidi na chumvi ya maji. Kigae cha unene wa milimita 10 kinaweza kusagwa mara kadhaa katika maisha yake, kwa kuwa kila mara kinachoondoka ni sehemu ndogo ya milimita.

*Hatari.* Umeme na maji chumba kimoja. Usiruhusu kazi hii bila swichi inayokata umeme unapovuja, na mashine iwe ya kusagia kwa maji. Grinda ya kawaida ya kukatia huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, kasi inayounguza jiwe na kuchimba mabonde. Mashine ya kung'arishia kwa maji hukaa kwenye 4,000 au chini zaidi, na kasi yake hurekebishika. Mtu akija na grinda na kipande cha msasa, mshukuru, mwache aende.

Vumbi ni jambo jingine. Graniti, sleti na mawe ya Mazeras yana silika, madini yaliyo kwenye mchanga, na vumbi lake likivutwa huacha makovu mapafuni, ugonjwa usio na tiba. Yasisagwe makavu. Na sleti kwa ujumla si jiwe la kung'arishwa: limejengeka kwa tabaka, ukilisaga linaweza kubanduka vipande.

*Inamfaa nani.* Mwenye jiwe zuri lililoshika, aliyelipia marumaru ya Italia au travatino ya Uturuki na asiyetaka kuipoteza. Haimfai mwenye vigae vinavyolia kwa sarafu: mtetemo wa mashine utamaliza kuviachisha.

Njia ya 3: Kutibu vipande vipande

*Inatibu nini.* Uharibifu wa mwilini ulio sehemu chache: matundu ya travatino, kona zilizomeguka, ufa, vigae viwili vitatu vilivyoachia, grauti iliyooza, silikoni iliyochakaa. Bafu nyingi ninazoziona zinaangukia hapa, nami nitakaa kidogo.

Matundu na kona hujazwa kwa epoksi, gundi ngumu ya kuchanganya, iliyotiwa rangi ya jiwe au kuchanganywa na unga wa jiwe lenyewe, halafu inasawazishwa. Kuna pia gundi ya poliesta, nafuu na inakauka upesi, ila bafuni epoksi huvumilia maji vizuri zaidi.

Kubadilisha kigae kimoja ni kazi rahisi yenye tatizo gumu, rangi. Jiwe la mwaka huu halifanani na la miaka kumi iliyopita hata likitoka machimbo yaleyale. Mafundi wazoefu hung'oa kigae cha jamii moja kutoka mahali pasipoonekana, nyuma ya mlango au chini ya sinki, wakakileta mbele, halafu kigae kipya wakakificha kule. Kama ulihifadhi vigae vya akiba stoo tangu ujenzi, sasa ndio wakati wake.

Gundi iwe nyeupe ikiwa jiwe ni jeupe, kwa kuwa saruji ya kijivu huonekana kupitia marumaru nyeupe kama kivuli kisichofutika. Marumaru ya kijani ina ushauri wake: nyingi yake kwa hakika ni jiwe la sepentini, nalo likigandishwa kwa gundi ya maji hujikunja kingo zikainuka. Linataka gundi ya epoksi.

Grauti ya zamani inakwanguliwa kwa kina, si kupaka mpya juu ya mbovu. Mistari ya chini ya milimita 3 hujazwa kwa grauti isiyo na mchanga, maana mchanga huikwaruza marumaru wakati wa kufuta. Pale ukuta unapokutana na ukuta, au ukuta na sakafu, usiweke grauti kabisa, weka silikoni. Sehemu hizo huchezacheza, grauti hupasuka na maji hupita. Na silikoni uinuse kabla ya kulipa: yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka na inaweza kuidhuru marumaru. Omba ile isiyo na asidi, ya mawe ya asili.

*Gharama.* Ya kati, na haitabiriki. Vigae vitatu vinaweza kuwa saba pindi cha kwanza kinapong'oka na nyuma yake pakaonekana. Patana na fundi mapema bei ya kila kigae cha nyongeza.

*Muda.* Siku chache, pamoja na kusubiri gundi, grauti na silikoni vikauke.

*Uimara.* Hutegemea kabisa kama ulitibu chanzo. Kigae kilichoachia kwa kuwa fundi wa kwanza alikibandika kwa madonge matano ya saruji kitarekebishika. Kilichoachia kwa kuwa ukuta umelowa kitaachia tena.

*Hatari.* Kuvunja vigae vya pembeni wakati wa kung'oa, kutoboa tabaka la kuzuia maji lililo nyuma, na sura ya viraka. Kiraka kizuri ukikijua kilipo utakiona daima, mgeni hatakiona.

*Inamfaa nani.* Mwenye uharibifu ulio na mipaka inayoonekana, mwenye vigae vya akiba, na mwenye bajeti ya kwenda hatua kwa hatua. Mara nyingi njia hii hufuatwa na ya 2, ili jiwe jipya na la zamani vikae sawa.

Njia ya 4: Kubomoa na kujenga upya

*Inatibu nini.* Uharibifu wa mgongoni. Pia bafu ambalo tangu mwanzo lilijengwa bila tabaka la kuzuia maji, au ambalo sakafu yake haina mteremko na maji yanatuama kona.

*Gharama.* Kubwa kuliko zote, na vigae ni sehemu yake tu. Kuna kubomoa, kubeba kifusi, lipu, kuzuia maji, mabomba ambayo utaona aibu kuyaacha ya zamani ukuta ukiwa wazi. Hapo ndipo unapochagua upya: jiwe tena, au poseleni? Poseleni hunywa maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, haihitaji dawa ya kuziba na haiogopi ndimu. Jiwe lina kina ambacho picha haijakifikia, na lina thamani kwa nyumba yenye hadhi hiyo. Atakayelitunza ndiye wa kuamua.

*Muda.* Hesabu wiki, si siku. Kama nyumba ina bafu moja tu, tafuta kwanza mtakakoogea.

*Uimara.* Mrefu, ikiwa mambo manne yamefanywa: mteremko wa karibu sentimita 2 kwa kila mita kuelekea shimo la maji; tabaka la kuzuia maji linalopanda kutani; kipimo cha kuziba shimo na kujaza maji sakafuni saa 24 kabla kigae hata kimoja hakijabandikwa; na gundi iliyotandazwa mgongo mzima wa kigae, walau asilimia 95, si madonge ya pembeni. Kipimo cha maji ndicho mafundi hupenda kukiruka, na ndicho cha bei rahisi kuliko vyote.

*Hatari.* Kubomoa ili kuja kurudia kosa lilelile kwa vigae vizuri zaidi. Kwa nyumba za zamani kuna nyingine. Kuta za Mji Mkongwe, eneo la urithi wa dunia tangu 2000, ni za mawe ya matumbawe na chokaa, hupokea unyevu na kuutoa. Ukizifunika kwa saruji ngumu, unyevu hutafuta pa kutokea, mara nyingi chumba cha jirani. Kule usianze bila mtu anayejua chokaa, na bila kuuliza mamlaka ya uhifadhi.

*Inamfaa nani.* Mwenye ushahidi wa maji nyuma, mwenye kupanga kukaa miaka mingi, au anayekarabati nyumba nzima kwa wakati mmoja.

Na kupaka vanishi juu?

Wapo wanaouza rangi au vanishi ya kulipa jiwe mng'ao wa siku moja. Sikuihesabu kama njia ya tano. Kwenye meza ya sebuleni inaweza kupita. Bafuni, maji huingia chini ya ngozi hiyo, ikageuka nyeupe na kubabuka, na kuitoa kunahitaji dawa kali au diski za almasi, yaani unarudi njia ya 2 na gharama ya ziada. Mwenye kuuza nyumba wiki ijayo atashawishika. Mnunuzi wake naye asome aya hii.

Uchague ipi kwa hali yako

*Umepanga.* Njia ya 1, bila zaidi. Piga picha mabaka uliyoyakuta, na makubaliano ya kusaga yawe kwa maandishi na mwenye nyumba, maana jiwe lililosagwa halirudi lilivyokuwa.

*Jiwe limeshika, limefubaa tu, nawe utakaa.* Njia ya 2. Mwambie fundi afanye kigae kimoja kwanza, kikauke, ukitazame mchana na usiku kwa taa, ndipo mkubaliane kwa bafu zima. Kuta zing'ae ukipenda, sakafu ising'ae.

*Vigae vichache vinalia, vingine vizima.* Njia ya 3, lakini ng'oa kimoja kilichoachia uone mgongo kabla hujalipia vingine. Pakiwa pakavu, endelea, na maliza kwa kusaga bajeti ikiruhusu. Pakiwa pamelowa, simama hapo hapo.

*Pamelowa.* Tafuta kwanza maji yanatoka wapi. Bomba linalovuja ndani ya ukuta hurekebishwa bila kubomoa bafu zima, na ukuta ukikauka huenda njia ya 3 ikatosha. Kama ni sakafu isiyozuia maji, ni njia ya 4, na pesa ya kung'arisha usiitumie sasa.

*Marumaru nyeupe inageuka manjano kutoka chini.* Ikaushe kwanza: siku kadhaa bila kutumika, dirisha wazi, feni ikiwaka. Manjano ikipungua, ilikuwa maji. Ikibaki, kutu imeshaingia. Dawa za kuivuta zipo na mara nyingine hufaulu, lakini mtu akikuahidi weupe wa mwanzo mwombe alipwe baada ya matokeo. Epuka jiki kwenye jiwe hili, huharakisha kutu.

*Nyumba ya wageni.* Uamuzi hapa ni wa matunzo. Kila mgeni ana shampuu yake, na msafishaji mpya atakuja na chupa ya dawa ya chooni hata ukimkataza. Jiwe lisilong'aa, sabuni moja tu isiyo na asidi kwenye kabati, na mpira wa kufutia maji ukining'inia bafuni vitakusaidia kuliko mng'ao wa namba 3000. Ikiwa unabomoa kwa sababu nyingine, poseleni ni jambo la kufikiriwa kwa sakafu, na marumaru ibaki kwenye ukuta usiopigwa na maji moja kwa moja.

*Maji ya kisima yana chumvi nyingi.* Njia yoyote utakayochagua, ukoko utarudi. Kufuta kuta kwa mpira baada ya kuoga ni dakika moja, nako huondoa maji kabla hayajakauka na kuacha chumvi. Kama unaweza kupeleka maji ya mvua au ya bomba la mji kwenye bafu hilo peke yake, fanya hivyo kabla hujamwita fundi wa kusaga.